Ubao wa Inchi Tano, Kutoka Tororo Hadi Majanji

Kwenu nyote mnaokaa kwenye kibaraza cha duka letu.

Tangu nirudi sijashona hata suruali moja ikaisha bila mtu kuniegemea dirishani na kuuliza, "Rama, ni kweli ulibishana na Bwana Samaki?" Nikimaliza kumweleza mmoja anakuja wa pili, naye wa pili amekwisha kusikia kwa wa kwanza, tena ameongeza chumvi. Juzi nimeambiwa kwamba nilimpiga Mzungu kwa kafi! Basi nimenunua daftari, nimeandika yote mara moja. Darasa la nne si haba. Mkikuta herufi imekaa vibaya isogezeni wenyewe, mwendelee.

TORORO

Mizigo yangu ilikuwa miwili. Wa kwanza ni sare nne za kaki tulizoshona mimi na baba mdogo Shabani kwa ajili ya askari wa samaki wa Majanji. Wa pili ni ubao. Ubao huu ndio habari yenyewe, kwa hiyo nawaeleza vizuri, hasa ninyi ambao samaki mnamjua akiwa sahanini tu.

Ziwani kuna amri kwamba jicho la wavu, yaani lile tundu lake, lisipungue inchi tano. Jicho dogo linakamata ngege, yule samaki mpana wa ziwani, angali mchanga hajazaa bado, na baada ya miaka michache mwalo, yaani ufuko wa wavuvi, unabaki na mitumbwi na mchanga. Ili kujua kama jicho ni halali, askari anachukua ubao wenye upana wa inchi tano na kuusukuma ndani yake. Ukipita, wavu ni mzuri. Usipopita, wavu unachomwa moto palepale. Ubao wa zamani ulikuwa umevunjika, naye Bwana Samaki, yule Mzungu anayesimamia uvuvi, alikuwa amepanga ukaguzi mkubwa siku ya Alhamisi.

Karani wake ni mteja wetu. Akaniambia, "Ramadhani, nenda kwa seremala akuchongee ubao wa mvule. Aupake rangi mara mbili, ungoje ikauke, ndipo uende. Ukifikisha mzigo salama nitamtajia Bwana jina lako. Anatafuta askari wa tano."

Askari wa tano, jamani! Mnanijua mimi. Tangu saa ile nikawa natembea kama mtu mwenye filimbi shingoni. Niliona mashua, niliona vifungo vya shaba, niliona watu wa mwaloni wakisimama nikipita. Kitambaa kinachobaki ni haki ya fundi, sivyo? Basi nikakata sare ya tano, na kipimo cha kifua sikuhitaji kumuuliza mtu.

Kwa haraka hiyo nikafanya makosa mawili. Kwa seremala niliinua kipande cha mvule, nikakiona kizito. Nikasema, "Anayebeba ni mimi. Nipe ule mti mweupe, ule mwepesi." Na rangi sikuingoja.

Seremala akaniangalia chini ya miwani. "Mti huu bila rangi, mwanangu, ni kama mkate."

Nikacheka. Nikaupima kwa tepe yangu, ile mliyozoea kuiona shingoni kila siku: inchi tano kamili, hazizidi hata kwa unywele. Akautia mpini mfupi, nikaondoka nao kwapani siku ya Jumatatu, jabali la Tororo likiwa limejifunika wingu kichwani kama bibi arusi.

LORI LA ABDALA

Abdala alikuwa anapeleka chumvi Busia. Sisi abiria tulikaa juu ya magunia, na kila mmoja alikuwa na maoni yake kuhusu ubao wangu.

"Huo ni wa kusongea ugali," alisema mzee mmoja.

"Ugali wa jeshi zima?" akajibu mwenzake. "Huo ni wa kuchapia wake."

"Ni kipimo cha serikali," nikasema mimi, kifua mbele. Wakanicheka kwa pamoja, wakagawana hata kicheko chenyewe.

Mvua ilitukuta njia ikiwa nusu. Si mvua ya kusema utajikinga mtini. Lori likateleza, likazama gurudumu moja, tukashuka, tukasukuma, likazama la pili. Alikuwapo mama mmoja kijana, Apio, Mjopadhola wa hapa hapa Tororo, na mtoto mgongoni aliyekuwa na kikohozi kama cha mzee. Nilikuwa na kipande kizuri cha turubai ambacho baba mdogo alinipa nifunikie mzigo. Nikampa.

"Na nguo zako?" akauliza.

"Nguo zimo kwenye sanduku la bati."

"Na hicho kibao?"

"Hicho ni mti, dada. Mti hauogopi mvua."

Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo wangu huu. Kisha Abdala akaona ubao umekaa bure, akauchukua, akaanza kukwangua tope kwenye magurudumu. Nilipiga kelele. Akasema, "Si cha serikali? Na barabara hii ni ya nani?"

Tulikaa pale mpaka asubuhi ya pili. Mama mmoja akafungua kikapu chake, tukala muhogo wa kuchemsha tukichovya kwenye simsim iliyosagwa, kidole kwa kidole na watu nisiowajua majina. Nawaambia ukweli, pilau ya Idi sijaila kwa furaha ile. Jumanne ng'ombe wa watu wa karibu wakatuvuta, tukaingia Busia adhuhuri, mimi na ubao tukiwa rangi moja.

BUSIA, KWA BI ZAINA

Kule Busia anakaa Mwalimu Idi, rafiki wa baba mdogo tangu ujana wao. Ana chuo cha Qur'ani nyuma ya nyumba. Watoto wanaandika masomo yao kwa wino kwenye mbao, na wakishahifadhi mbao zinaoshwa ziandikwe upya. Nilijua hayo yote. Hata mimi nimesoma kwa ubao kama huo. Na bado sikuwaza.

Mkewe, Bi Zaina, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, Bi Zaina."

"Marahaba, baba. Mtoto wa Shabani huyu? Lo, na ubao wako umeuchafua namna hii! Unasafiri na ubao, mashaallah, vijana wa siku hizi hawasafiri hata na kofia."

Nikataka kueleza, lakini alikwisha kunisukumia jikoni, akaniwekea chai ya tangawizi na maandazi, kisha wali na samaki wa nazi iliyoletwa kwa treni kutoka pwani. Mtu aliyelala juu ya chumvi ukimpa wali wa nazi, unategemea aeleze nini? Nililala tangu alasiri mpaka alfajiri.

Asubuhi nauliza ubao uko wapi, Bi Zaina ananionyesha kwa fahari karai kubwa uani. Ndani ya maji zilikuwamo mbao za watoto wa chuo, na katikati yao, mpini juu, kipimo cha serikali.

"Nimezilaza pamoja," akasema. "Zile zenye wino uliogoma hazitakati kwa kusugua tu. Tazama wako ulivyotakata. Na maji haya huyamwagi ovyo, nayamimina kwenye shina la mlimau, maana yana maneno ya Mungu."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilipomweleza ubao ni wa nini, akashika kichwa. "Yaani nimechanganya mbao za Qur'ani na kitu cha kupimia samaki!"

Mwalimu Idi alikuwa anapiga mswaki mlangoni. Akasema taratibu, "Mama, hata Nabii Yunus alikuwa na habari zake na samaki. Mwache kijana aende."

Niliuona ubao mzito kuliko nilivyouacha. Nikajisemea ni maji tu, yatakauka. Halafu, ili usipate vumbi, nikaufunga kwa jani la mgomba na juu yake gunia. Unyevu wa jana nikautilia kifuniko!

KWA MIGUU HADI LUMINO

Hakukuwa na gari la kwenda upande wa ziwa siku hiyo, nikaanza kwa miguu, sanduku kichwani, gunia begani. Mpaka Buhehe nilikuwa naimba. Mvua ikanikuta tena kwenye mashamba ya muhogo, ikaniosha, ikaenda zake. Shati likanigandama, nikaanza kutetemeka. Nikafungua sanduku, nikatoa koti la sare ya tano, lile langu, nikalivaa. Vifungo vya shaba halikuwa navyo, kwa sababu karani alikuwa ametupa vya sare nne tu. Lakini kwa mbali kaki ni kaki.

Nikaingia sokoni Lumino nikitabasamu, nikitafuta uji.

Mama wa kwanza aliyeniona akafunika kikapu chake kwa kanga. Wa pili akabeba cha kwake akakimbia. Wa tatu akapiga ukelele kwa Kisamia, na kufumba na kufumbua soko la samaki likawa viti vitupu na paka wawili. Kikapu kimoja kilipinduka miguuni pangu. Walikuwa ngege, lakini ngege wa namna gani! Urefu wa kidole changu cha kati. Nilichuchumaa kuwakusanya ili mwenyewe asipate hasara, na nilipokuwa nao viganjani hivyo, wadogo, wepesi, moyo wangu ukaingia baridi kuliko shati.

Mtu mmoja hakukimbia. Alikuwa amekaa juu ya mzigo wa nyuzi za wavu karibu na baiskeli, mtu mpana mabegani, anakula karanga.

"Mulembe," akaniamkia. "Wewe natoka wapi na koti bila vifungo?"

"Tororo, mzee."

"Wewe ni askari?"

"Bado."

Akacheka mpaka karanga zikamtoka. "Bado! Basi kaa hapa, Bwana Bado, nikununulie uji kabla hujawa mkubwa ukatusahau."

Huyo ndiye Wandera.

NJIA YA ZIWANI

Alikuwa anarudi kwake Majanji, tukafuatana. Sanduku langu tukalifunga kwenye baiskeli yake, tukawa tunaisukuma kwa zamu. Nilipomwambia nimebeba kipimo cha kesho, akasimama katikati ya njia.

"Hicho ndani ya gunia?"

"Ndiyo."

"Mimi nangoja hiyo kitu miezi mingi," akasema. Mkono wake aliuweka juu ya gunia kama mtu anayemshika mgonjwa paji la uso.

Akanieleza. Zamani naye alivua kwa jicho dogo kama wenzake wote. Siku moja alimtoa ngege jike kwenye wavu, na alipomtupa ndani ya mtumbwi, mdomo ukafunguka, wakatoka watoto. Wengi, wadogo kama punje za wimbi, wanarukaruka kwenye maji ya chini ya mtumbwi wakimtafuta mama yao warudi mdomoni.

"Yeye nabeba watoto kwa mdomo?" nikauliza. Nilikuwa nimeanza kusema kama yeye.

"Kwa mdomo. Siku zote hizo yeye hali kitu, anaogopa kumeza mtoto. Mimi nilikaa pale katikati ya ziwa kama mjinga. Wavu sikuvuta tena."

Baada ya hapo aliuza mbuzi wake, akanunua nyuzi, akasuka wavu wa inchi tano kwa mkono wake. Msimu mzima wenzake walileta samaki vikapu viwili yeye akileta nusu kikapu. Walimwita Baba Ngege. Kiongozi wa kumcheka alikuwa shemeji yake, Egesa, mwenye nyavu nyingi kuliko mtu yeyote mwaloni. Lakini Wandera hakuchoka kusema, na mwishowe, baada ya samaki kupungua hata kwenye vikapu vya Egesa, wazee wa mwalo walikubaliana hivi: wavu wa Wandera upimwe wa kwanza, mbele ya watu wote. Kama amri ni ya haki na wavu wake unapita, wao watatoa nyavu zao ndogo wenyewe, bila kusakwa, na ile ghuba ndogo yenye matete, mahali ngege anakolea watoto, wataiacha isivuliwe.

"Na usipopita?" nikauliza, kwa mzaha tu.

"Utapita. Mimi nimesuka kwa mkono wangu." Akasukuma baiskeli. "Usipopita, Egesa ataingiza nyavu zake kwenye matete kesho hiyohiyo, na watu watamfuata. Wote."

Tulifika kwake jua likiwa limelegea. Mkewe alitupikia ugali wa wimbi na ngege mkubwa, na kichwa akaniwekea mimi mgeni. Nilikiangalia kile kinywa, nikashindwa kukila. Nikaomba radhi. Wandera akamwambia mkewe kitu kwa Kisamia, akacheka kwa sauti ndogo, akachukua kichwa yeye. "Huyu alikuwa dume," akaniambia. "Kula, Bwana Bado."

MAJANJI, MWALONI

Alhamisi asubuhi mwalo wote ulikuwa umejaa watu. Nyavu zilikuwa zimetandikwa kwenye mchanga, askari wanne wamevaa sare zetu mpya, na mmoja mikono ilikuwa mirefu, hilo ni kosa la baba mdogo si langu. Moto ulikuwa umekwisha kuwashwa pembeni. Bwana Samaki alikaa kwenye kiti cha turubai. Nikamfungulia gunia, nikamkabidhi ubao kwa mikono miwili.

Wandera akaleta wavu wake, ulioloweshwa kama desturi ya kupima. Akaukunjua kwa uangalifu, akasimama kando.

Askari akaingiza ubao. Ukasimama. Akasukuma. Nyuzi zikakaza, ubao haukuingia. Akajaribu jicho jingine, na jingine, akajaribu na upande wa pili wa wavu.

"Ubao hapana pita," akasema Bwana Samaki. "Wavu hii mbaya. Choma."

Kicheko kilichotoka kwa Egesa nakisikia mpaka leo. Alikuwa mtu mwembamba, mdomo mwepesi. "Baba Ngege! Miaka yote hiyo unatunyima usingizi, kumbe na wewe ni mwenzetu!" Akawageukia watu. "Mmeona? Huyu amesuka mwenyewe kwa kuhesabu, na bado anachomewa. Hakuna wavu utakaopita kwa ubao wa hawa. Twendeni kwenye matete tukavue!"

Watu wakaanza kuguna, wengine wakaanza kukunja nyavu zao. Wandera aliuangalia wavu wake kama mtu anayemwangalia mtoto wake akisingiziwa na jirani. Askari mwenye mikono mirefu akauinua kuupeleka motoni.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kiti. Nikaona mpini wa ubao. Pale ulipoingia, kwa seremala palikuwa na nafasi ya ukucha. Sasa hapakuwa na nafasi, mti ulikuwa umeubana mpini kama ufizi unavyobana jino. Nikasikia sauti ya seremala: ni kama mkate.

Nimeulizwa sana hapa dukani kama niliogopa. Niliogopa, ndiyo. Karani alikuwa amekwisha kunitaja jina, Bwana aliponiona alikuwa ameniambia "mzuri, mzuri." Koti langu lilikuwa kwenye sanduku linangoja vifungo. Na kama ningenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini wavu ulikuwa hatua kumi kutoka motoni, halafu hatua nane.

"Bwana, naomba ngoja!"

Nikavua tepe shingoni, nikaulaza ubao juu ya goti, nikaupima. Nikaupima mara tatu, kama baba mdogo alivyonifundisha kwa vitambaa vya watu wakali. Mara zote tatu ilikuwa inchi tano na robo.

"Ubao umezidi, Bwana. Wavu haujapungua."

"Tepe yako nadanganya."

"Pima, Bwana."

Akatoa mfukoni rula ndogo ya chuma. Akailaza kando ya tepe, akaangalia. Kisha akailaza juu ya ubao, akaangalia kwa muda mrefu zaidi. Shingo ikaanza kuwa nyekundu kutoka chini kwenda juu.

"Nani naharibu kipimo ya serikali?"

"Ni mimi, Bwana. Niliambiwa mvule, nikachukua mti mwepesi. Niliambiwa rangi, sikuingoja. Ukanyeshewa, halafu ukalala usiku kucha kwenye karai la maji, ukavimba." Karai la nani sikusema, na hakuniuliza.

Sauti ya Egesa ikasema kutoka nyuma, "Kumbe ubao nao unalewa!" Safari hii watu walicheka, lakini hawakumcheka Wandera.

Alikuwapo fundi wa mitumbwi, Mzee Sanya. Alikuwa amekaa juu ya gogo muda wote. Akainuka, akachukua kafi kuukuu la mvule, akaniambia, "Lete kamba yako hiyo yenye namba." Nikashika tepe, yeye akashika randa. Akaranda kidogo, tukapima, akaranda tena, tukapima. Bwana Samaki akathibitisha kwa rula yake. Inchi tano.

Wandera mwenyewe akaupeleka ule mti kwenye wavu wake. Ukapita. Jicho la pili, ukapita. Akaendelea kupima macho mengine ambayo hakuna aliyemwomba, moja baada ya jingine, machozi yanamtoka na yeye hayafuti.

Egesa akamnyang'anya mti ule, akaenda kwenye wavu wake mwenyewe. Haukuingia hata pembe. Akajaribu tena kwa nguvu, watu wakimtazama. Nilidhani atautupa majini. Akamrudia Mzee Sanya.

"Nichongee na mimi wa kwangu."

"Wa nini?" akauliza Bwana Samaki.

"Wa kukaa nyumbani kwangu. Siku zote nyinyi napima, sisi naangalia. Leo tumeona kipimo chenu nacho kinaweza kukosea. Kama kila mtu ana ubao wa mvule juu ya mlango wake, mimi nitajua kabla yako kama nina kosa." Akamtazama Wandera kwa jicho la pembeni. "Na shemeji hapa hatakuwa na la kunihubiria."

Wote wakaanza kusema pamoja, mimi pia, mimi pia. Bwana Samaki alifikiri, akakubali, kwa sharti kwamba kila ubao aupime kwa rula yake na kuuchora alama. Mzee Sanya aliranda makafi makuukuu mpaka adhuhuri, na tepe yangu ikafanya kazi kuliko siku ya kuamkia Idi. Egesa alianza mwenyewe kufungua kamba na maboya kwenye nyavu zake ndogo, ili vyombo vibaki na nyuzi ndizo ziende motoni. Hakuna aliyetaja tena kuingia kwenye matete.

Kabla ya kuondoka Bwana Samaki akaniita. "Kijana, wewe hapana askari. Rudi kwa cherehani."

"Ndiyo, Bwana," nikasema. Nililitazama sanduku langu mara moja, nakiri.

"Lakini mimi nataka askari ya tano hapa," akaendelea, akiwageukia wazee. Wote wakamtazama Wandera, Egesa akiwa wa kwanza.

Sasa fikirini wenyewe. Sare ya tano iko kwenye sanduku. Nikaitoa, Wandera akajaribu koti, mikono ikaingia na mgongo ukakataa, kwa sababu kifua kile nilikikata kwa kipimo changu, na mnaniona nilivyo. Basi nikakaa chini ya upenu wa Mzee Sanya, nikafumua mishono ya ubavuni, nikaachia akiba yote ya kitambaa. Wandera alisimama wima kama mti wa bendera.

"Bwana Bado," akasema, "hii ilikuwa yako."

"Usipumue, nitakuchoma sindano."

KURUDI

Nilirudi kwa njia ileile. Busia nilimwambia Bi Zaina kila kitu, akaenda kuzitazama mbao zake za chuo moja moja, akiziuliza kama na zenyewe zimenenepa. Akanipa chupa ya maji ya ndimu nimpelekee seremala, kwa niaba yangu, kumwomba radhi.

Tepe nilimwachia Mzee Sanya. Hii ninayovaa ni ya zamani ya baba mdogo, imefutika namba tatu, kwa hiyo msishangae suruali zenu. Apio alipita wiki iliyopita, akarudisha turubai na karanga ndani yake. Mtoto hakohoi tena. Na Wandera ameniletea salamu kupitia Abdala pamoja na ngege mkavu mpana kama sinia: eti koti limeanza kumbana tena, amelifua ziwani. Nimemjibu kwamba kaki ikilowa inapungua na mti ukilowa unavimba, na mimi nimekwisha kujifunza yote mawili.

Ule ubao mweupe Bwana Samaki hakuutaka, nikarudi nao. Umekuwa ukining'inia juu ya cherehani kiangazi hiki chote. Shangazi aliuomba akatie vitunguu, nikamkatalia. Jana nimeushusha nikaupima: inchi tano kamili, hazizidi hata kwa unywele.

Nimeupaka rangi. Mara mbili. Na nimekaa kwenye kibaraza bila kushika kazi nyingine, nikaingoja ikauke.